Unene wa Watoto Wetu na Dhamiri za Wazazi



Tangu zamani, katika milima ya Umatengo na katika mwambao wa Ziwa Nyasa, wazee walipokutana waliulizana juu ya watoto neno moja kubwa: je, wanashiba? Swali hilo halijapitwa na wakati. Taifa lilipopima watoto wake mwaka 1992 na tena katika miaka iliyofuata, udumavu ulionekana kuwa msiba mkubwa; na hata mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikutwa wamedumaa. Mkoa wetu wa Ruvuma umehesabiwa miaka mingi miongoni mwa mikoa iliyoumizwa zaidi. Asiyelia juu ya jambo hilo hana moyo wa Kikristu.

Lakini sasa swali la pili limebisha hodi kwenye mlango ule ule, tena pengine katika nyumba ile ile. Katika miji yetu na katika vituo vya biashara vilivyo kando ya barabara ya lami, twaanza kuwaona wavulana na wasichana wa miaka 11 hadi 15 ambao uzito wao umepita kimo chao. Wapanda ngazi chache na kuhema. Wachezapo wenzao, wao huketi. Jambo hili si la kwetu peke yetu. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kwamba mwaka 1990 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 waliozidi uzito walikuwa 8 katika kila 100. Kufika mwaka 2022 walikuwa 20 katika kila 100, yaani zaidi ya milioni 390 duniani kote.

Wako watakaocheka na kusema: "Kunenepa ni neema, mtoto amenawiri, baba yake ana uwezo." Ndugu zangu, twaelewa asili ya maneno hayo. Watu walioijua njaa huona mwili mnene kuwa ni ushahidi wa baraka. Walakini si kila kilichojaa kimebarikiwa. Hata mguu wenye ugonjwa hujaa. Waganga watufundisha kwamba uzito uliozidi mno katika umri mdogo huandaa njia kwa shinikizo la damu na kwa ugonjwa wa kisukari, hata ule uliokuwa ukijulikana kuwa wa watu wazima. Hulemea magoti, huharibu usingizi, na wengi wauchukuao utotoni huendelea nao hadi utu uzima. Tazameni mama zetu: katika hesabu za taifa za mwaka 1991-92, wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliozidi uzito walikuwa 11 katika kila 100, katika hesabu za mwaka 2015-16 walikuwa 28. Binti wa leo ndiye mama wa kesho. Mwendo huo waelekea wapi, kama si nyumbani mwetu?

Hapa huenda msomaji akatazamia tuhubiri juu ya ulafi, tuseme kwamba kijana mnene ametenda dhambi, na kumwamuru atubu. La hasha! Ni kweli kwamba Kanisa lahesabu ulafi miongoni mwa vichwa saba vya dhambi, na mafundisho hayo hayabadiliki. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, ambaye kwa masimulizi ya zamani alikuwa mtu wa mwili mkubwa, atufundisha kwamba ulafi ni tamaa isiyo na utaratibu ya kula na kunywa. Hakusema kwamba ulafi ni wingi wa nyama mwilini. Mtu mwembamba aweza kuwa mlafi, na mnene aweza kuwa na kiasi. Anayemtazama mtoto mnene na kumhesabia dhambi amejitwalia kiti cha hukumu kisicho chake.

Tena tuulize kwa haki: mtoto wa miaka 12 huchagua nini? Je, yeye ndiye anunuaye mafuta ya kupikia? Yeye ndiye aliyepanga vibanda vya kukaanga mlangoni pa shule? Yeye ndiye aliyeugeuza uwanja wa mpira kuwa viwanja vya nyumba? Twajua jibu.

Ndugu zetu Wamatengo wanayo hekima ambayo wageni wamesafiri mbali kuja kuitazama, nayo ni kilimo cha ngoro. Milima yao ni mikali, na mvua ni nyingi. Maji yakiachwa yaende yatakavyo, yatabeba udongo wote na kuuacha mlima mifupa mitupu. Basi Mmatengo hasimami kilimani akiyagombeza maji. Nyasi hukatwa na kulazwa miraba miraba, udongo huchimbwa katikati na kufunika nyasi hizo, yakatokea mashimo mengi yaliyopangika, na maharage na mahindi hustawi juu ya kingo zake. Maji hutulia shimoni, udongo hukaa, shamba huzaa. Maji hufuata mteremko. Kazi ya mtu ni kuutengeneza mteremko.

Ndivyo ilivyo kwa watoto wetu. Nao hufuata mteremko tuliowawekea. Na tuutazame mteremko huo pasipo kujificha.

Kwanza, chakula. Mwenyezi Mungu ametujalia nchi yenye chakula chema. Milimani twavuna maharage, mahindi, ndizi na mboga za majani. Ziwani twavua usipa na mbasa. Mwambaoni twalima muhogo na mpunga. Lakini nini hutokea? Gunia la maharage huuzwa lote, na fedha yake hurudi nyumbani kwa sura ya biskuti, pipi na soda. Usipa mkavu hupakiwa garini kwenda kuwalisha watu wa mbali, na mtoto wa mvuvi hupewa fedha akanunue maandazi na chipsi. Dona imeachwa kwa sababu ni nyeusi kidogo, na sembe imetukuzwa kwa sababu ni nyeupe, ingawa weupe huo umepatikana kwa kutupa sehemu bora ya punje. Fedha ya kahawa inapoingia, baba mwema atakaye kuwafurahisha wanawe huwaletea kreti ya soda. Hana nia mbaya. Lakini na ajue kwamba chupa moja ya mililita 350 ya soda nyingi ina sukari ipatayo gramu 35, yaani vijiko vya chai 8 au 9. Nalo Shirika la Afya la Ulimwengu lashauri kwamba kwa mtu mzima sukari ya kuongezwa isipite gramu 50 kwa siku, na afadhali isipite 25. Mtoto aliyekunywa chupa moja tu amekwisha kuipita hiyo afadhali.

Pili, kazi na mchezo. Zamani mtoto wa Litembo au Maguu alipanda na kushuka milima kwa miguu kwenda shule, akarudi akachota maji, akapasua kuni. Hatutamani kumrudishia mzigo uliokuwa mzito mno, hasa kwa wasichana walionyimwa masomo kwa ajili yake. Bomba la maji karibu na nyumba ni baraka. Barabara ya lami kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay ni baraka. Lakini kila baraka yadai busara yake. Mwendo ulioondolewa na pikipiki haukurudishwa na kitu kingine. Wataalamu wa afya wasema kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apaswa kuushughulisha mwili kwa nguvu muda usiopungua dakika 60 kila siku. Ni wangapi wazipatao, hasa wasichana, ambao tangu waanze kubalehe huambiwa kwamba kukimbia si heshima?

Tatu, usingizi. Kijana wa umri huu ahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Simu iliyoingia kitandani humwibia saa hizo. Na mwili uliokosa usingizi huona njaa isiyo ya kweli, ukatamani hasa vitu vitamu na vya mafuta.

Nne, liko jambo la ajabu ambalo wengi hawalijui: unene waweza kuanza katika njaa. Wakati wa vita, katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, watu wa magharibi ya Uholanzi walipatwa na njaa kali. Mwaka 1976 wachunguzi walitangaza habari za vijana wa kiume waliozaliwa katika siku zile, walipokuwa na miaka 19. Waliokuwa tumboni katika nusu ya kwanza ya mimba wakati mama zao walipolala njaa, walizidi wenzao katika unene. Ni kana kwamba mwili uliopangwa katika uhaba hujifunza kuweka akiba, na uwekapo akiba mbele ya wingi, hulemewa. Basi udumavu na unene si maadui wawili wasiojuana. Waweza kuwa ndugu wa tumbo moja. Amlishaye vema mama mjamzito leo amlinda kijana wa miaka 13 ajaye.

Ikiwa mambo ni hayo, ni lipi litupasalo?

Enyi wazazi, anzeni na chungu cha nyumbani. Kabla gunia la mwisho la maharage halijauzwa, tengeni la watoto. Kabla usipa hawajafungwa, tieni kando wa kwenu. Soda na iwe kitu cha sikukuu, na maji yawe kinywaji cha kila siku. Tena, kula kwa pamoja kuna neema yake: mtoto alaye mezani au mkekani pamoja na wakubwa hujifunza kiasi kwa kutazama, naye alaye peke yake mbele ya televisheni hajui ameshiba lini. Kumbukeni Waisraeli jangwani: mana ilikuwa ya kutosha kila mtu kwa siku yake, na iliyowekwa pasipo amri iliota mabuu. Na kila tusalipo Baba Yetu, twaomba mkate wa siku hiyo tu.

Enyi walimu na viongozi wa vijiji, ulindeni uwanja wa michezo kama mnavyolinda darasa. Kijiji kisicho na mahali pa watoto kukimbia kimechimba shimo kwa wanawe. Wakumbukeni wasichana, wapate mpira wao na saa yao. Vibanda vya mlangoni pa shule visifukuzwe kwa ukali, maana wauzao ni wajane na akina mama watafutao riziki. Bali washauriwe kuuza ndizi, karanga, mihogo ya kuchemsha na matunda, na wazazi wanunue.

Nasi tulio katika parokia tusijifanye hatumo. Katika sherehe za Komunyo ya kwanza na Kipaimara, mashindano ya soda na keki yamekuwa makubwa kuliko sala za shukrani, hata maskini wakakopa ili wasione haya. Na tupunguze.

Neno moja tena, nalo ni zito. Msimwite mtoto "bonge" wala "tipwatipwa", hata kwa mzaha. Kijana katika umri huu hubadilika mwili kwa mpango wa Muumba. Wasichana wengi huongezeka kidogo katika kubalehe, na hilo si ugonjwa. Wala mzazi asikisie kwa macho. Kipimo cha mtoto hulinganisha uzito na urefu kwa kadiri ya umri wake, na wahudumu wa zahanati wajua namna yake. Aliyedhihakiwa hujificha, na aliyejificha hula kwa siri na kuacha mchezo. Wala mtu asimlaze mtoto njaa kwa kisingizio cha mfungo. Sheria ya Kanisa huwafunga kwa mfungo waliotimiza miaka 18, nayo ya kujinyima nyama huanza katika miaka 14. Mama Kanisa ajua kwamba mwili unaokua wahitaji chakula. Je, sisi twajua zaidi yake?

Kijana mwenyewe naye anayo sehemu yake. Danieli na wenzake watatu walikuwa vijana katika nyumba ya mfalme wa Babeli, wakaomba mboga na maji badala ya vyakula vya meza ya mfalme, nao wakaonekana wazuri wa sura kuliko wenzao. Walakini angalieni: walikuwa wanne, wala hawakuachwa mmoja mmoja, tena alikuwako mtunzaji aliyekubali kuwajaribu siku kumi. Kijana ajitawalaye ahitaji wenzi na ahitaji mkubwa mwenye moyo mwema.

Mtume Paulo awafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu hutunzwa na watu wote walio karibu nalo, wala halikemewi kwa sababu limezungukwa na takataka. Basi jioni ya leo, kila baba na kila mama ajiulize mambo matatu: mwanangu amekula nini cha shamba letu au cha ziwa letu? Amekimbia wapi? Atalala saa ngapi? Ajibuye kwa unyofu ameshika jembe. Na achimbe ngoro yake kabla mvua haijazidi.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.