Je, Mzee Anaweza Kufundishwa na Kijana?



Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi kutoka Marekani, hakuwa na deni na mtu. Albamu yake ya mwaka 1959, Kind of Blue, ingetosha kumlindia heshima hadi kaburini. Lakini mwaka 1991, mwaka aliofariki akiwa na miaka 65, aliingia studio na Easy Mo Bee, prodyuza wa hip hop kutoka Brooklyn, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe. Inasimuliwa kwamba akiwa kwake New York, madirisha wazi, alisikiliza kelele za mtaani, akataka muziki wenye sauti zile.

Sasa najiuliza: huo ni unyenyekevu, au ni mzee kukimbizana na ujana?

Mtakatifu Thoma wa Akwino anahesabu utayari wa kufundishwa kuwa sehemu ya busara, na anasema hata wazee wanauhitaji, maana katika mambo ya kutenda hakuna anayejitosheleza. Mimi napima hivi: anayekimbizana na ujana huiga, anayejifunza huja na chake. Miles hakugeuka mchanaji. Michano alimwachia kijana, yeye akabaki na tarumbeta yake.

Ajabu, mmoja wa waliomlaumu hadharani kwa kuiacha jazi alikuwa Wynton Marsalis, mpiga tarumbeta aliyezaliwa 1961, mdogo kwake kwa miaka 35. Yaani kijana ndiye mlinzi wa mapokeo, mzee ndiye mtoro! (Simhukumu Marsalis. Mapokeo yasiyo na mlinzi hupotea.)

Albamu hiyo, Doo-Bop, ilitoka 1992, Miles ameshazikwa. Nyimbo sita tu ndizo zilikuwa tayari. Nyingine Mo Bee alizijengea juu ya rekodi zake za zamani. Ikapata tuzo ya Grammy, ila wakosoaji wengi hawakuipenda, na kwa kweli nawaelewa. Midundo ni mizuri. Kinachonikwaza ni mashairi: kijana anamsifu mzee mno. Mzee kaja kufundishwa, mwalimu anampigia magoti! Wewe unayepiga kinanda kwaya ya vijana, mwalimu wenu mzee akikuomba umwonyeshe mdundo mpya, utamwambia ukweli akikosea?

Ningependa kumsikia Mo Bee akisema, “Mzee, hapo bado, rudia.” Pengine studioni alisema. Kwenye albamu siisikii.