JUMANNE: Hesabu ya Watu Wawili

Soma Mambo ya Walawi 25:47–50. Ni nani waliotakiwa kupiga hesabu pamoja?

Mwisraeli aliyejiuza kwa mgeni tajiri hakuwekwa kando siku ya kukombolewa. Yeye na aliyemnunua walihesabu miaka kutoka alipojiuza hadi yubile, na bei ikafuata miaka hiyo. Mwenye mali hakuhesabu peke yake.

Sasa mfikirie mzee wa kanisa mwenye vyumba vya kupangisha Mbagala. Mpangaji wake, mama lishe, hulipa kodi kidogo kidogo: elfu 20 kwa simu, elfu 10 mkononi Ijumaa jioni, mzee akiharakisha kujiandaa kabla jua halijazama. (Hizo za mkononi ndizo husahaulika.) Mwezi wa sita anaambiwa anadaiwa shilingi 120,000. Yeye anakumbuka vingine, ila hana karatasi, na anayemdai ndiye mwalimu wake wa lesoni. Ananyamaza. Baada ya Sabato mbili haonekani tena darasani.

Daftari lingetosha: tarehe, kodi ya mwezi, kilicholipwa na kwa njia gani, sehemu yake ya maji na umeme, baki. Nakala moja abaki nayo mama, ili palipokosewa aweke kidole.

Soma pia Luka 16:5–7. Kwa kuketi mara moja tu, hati ya mafuta ilishuka kutoka 100 hadi 50. Je, wakili yule angeshindwa kuipandisha?

Jadilini: Mpangaji wako akiulizwa leo anadaiwa kiasi gani, atataja kile ulichoandika wewe?