Usiwe Labani

Swali la wiki hii ni la wenye gereji, karakana na saluni. Ukimfundisha kijana kazi, mnadaiana nini?

Wengi wetu husema, "Nimemsaidia, angekuwa anazurura mtaani." Ni kweli. Lakini hata Labani alimpa Yakobo kazi na pa kulala. Soma Mwanzo 31: miaka 20 ya kutumika, na mshahara ukageuzwa mara kumi.

Sheria ya Kenya inataka mkataba wa uanagenzi uandikwe na usajiliwe, na kazi hiyo iko chini ya NITA. Hata aliyejifunzia jua kali anaweza kukalia mtihani wa ufundi wa NITA, aanze Grade 3, apande hadi 2, kisha 1. Mwenye cheti haombi kazi kwa maneno matupu.

Utasema, "Akipata karatasi si ataniacha?" Pengine. Hapo ndipo moyo wako unapimwa. Ukimshika kijana kwa kumnyima cheti, humfundishi tena, unammiliki. Bezaleli alipewa ustadi, akapewa pia moyo wa kufundisha wengine (Kutoka 35:34).

Na nyinyi wazazi, kabla ya kumwachia fundi mtoto, ulizeni: ameandikishwa? Atamaliza lini? Nani atampima?

Kijana akikutumikia miaka mitano, kisha atoke mikono mitupu, Yakobo 5:4 inakuhusu. Wiki hii, kaa naye chini muandikiane.