Sumu Haifi, Huhamishwa

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Migori hupita Sondu, mji wa soko ulio kando ya mto wenye jina hilo hilo, umwagikao katika Ziwa Viktoria. Akiendelea kusini atafika kwenye machimbo ya dhahabu ya Migori na Macalder, ambako maji nayo, kwa njia ya mto Kuja, yaishia katika ziwa lilo hilo. Wachimbaji wadogo wa huko husaga mawe, huchanganya unga wake na zebaki ili iikamate dhahabu, kisha huichoma zebaki. Nyingine hupaa na moshi ikavutwa na waichomao, wake kwa waume. Nyingine hubaki katika tope, ikachukuliwa na mvua mpaka mtoni, ikaingia katika miili ya samaki na ya wenye kuwala.

Sasa limezuka jambo ambalo yatupasa tulipime. Wako wanafunzi wa vyuo vikuu wajifunzao kukitia kijidudu kisichoonekana kwa jicho sehemu ya urithi wa kijidudu kingine, ili kifanye kazi ambayo hakikuwa kikiifanya. Mwaka 2006 wanafunzi wa Edinburgh, Uskoti, waliunda vijidudu vya kuonyesha kama maji yana sumu ya aseniki. Mwaka 2009 wenzao wa Groningen, Uholanzi, wakabuni vijidudu vya kunasa madini mazito yenye madhara, kisha vielee juu ya maji vipate kuchotwa. Je, yafaa vijidudu kama hivi vifunguliwe katika mito yetu?

Watakuwapo wasemao kwamba huku ni kuingilia kazi ya Muumba, basi mlango ufungwe. Twawaheshimu, lakini hoja hiyo pekee haitoshi. Tangu mwaka 1982 hospitali zimekuwa zikitumia insulini iliyotengenezwa na vijidudu vilivyotiwa urithi wa mwanadamu. Na wagonjwa wa kisukari wangapi wanaishi, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, kwa dawa ya namna hiyo! Aliyeikubali elimu hii mwilini mwake ataikataaje mtoni kwa sababu hiyo tu?

Tofauti iko mahali pengine. Kijidudu cha insulini hufungiwa chomboni. Cha mtoni kitaachiliwa, na kiumbe aliyeachiliwa haitiki akiitwa arudi. Ziwa hili lalijua hilo. Katika miaka ya 1950 alitiwa humo sangara, ambaye wenyeji humwita mbuta. Wafanyaji biashara wakafaidika, na aina za samaki wadogo kwa mamia zikatoweka. Katika miaka ya 1990 waliletwa wadudu wa kula gugumaji, lakini hao walijaribiwa kwanza kifungoni, ijulikane kama watakula mimea mingine. Basi hatusemi lisifanywe. Twasema lijaribiwe kwanza, na wenye kuunywa mto waulizwe.

Na liko swali kubwa kuliko hilo. Zebaki haiozi, wala haiungui ikaisha, wala hapana kijidudu kiwezacho kuiangamiza. Vipo viigeuzavyo mvuke: imetoka majini ikaingia hewani, na mvua itairudisha. Vipo viinasavyo miilini mwao: lazima aje mtu avichote, avizike mahali, apalinde mahali hapo miaka na miaka. Mtu huyo ni nani? Ardhi hiyo ni ya nani? Ujira wake utatoka mfukoni mwa nani? Maswali haya hayajibiwi na maabara, na twachelea jibu likawa: maskini aliye karibu na shimo.

Tena nafsi ya mwanadamu yajulikana. Ajuapo kuwa yuko wa kufagia, hutupa takataka bila ya kuona haya. Dawa ikiwa ndiyo ruhusa ya kuendelea kutia sumu, imekwisha kuwa mshirika wa sumu. Wanavyuoni wetu wametufundisha kwamba kuzuia madhara kwatangulia kutafuta manufaa.

Wala sisi watu wa pwani tusidhani ya kuwa haya ni ya mbali. Dhahabu tunayowavika maharusi wetu haina alama ya mto ilikotoka. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioitwa kwa jina la mji wa Ujapani ambao watu wake walilemazwa na zebaki iliyokuwamo katika samaki, wazitaka nchi zipunguze zebaki machimboni na, iwezekanapo, ziikomeshe. Na njia za kuitenga dhahabu kwa maji na kwa uzito wake zipo. Mnunuzi anaweza kumwuliza sonara, na sonara akamwuliza aliyemuuzia.

Wanafunzi hao wastahili kusifiwa na kusaidiwa. Lakini mkono unaomwaga uzuiwe kwanza, na mwenye mkono huo ndiye abebe gharama ya kuchota. Kijidudu kinaweza kuyabeba madini. Dhima hakiwezi kutubebea.