Kiasi cha Nani?

Neno "kiasi" lina ujanja, ndugu msomaji. Mtu akikwambia uvae kwa kiasi, anataka ujibane. Lakini viatu vya kiasi chako ni vile visivyokubana. Mimi nilizichanganya maana hizi mbili, na aliyeumia ni mdogo wangu.

Alikuwa na miaka 19 alipotaka kutoboa pua. Nyumbani hapakukalika. Mama alimwambia, "Pua ni yako, lakini uso ni wetu." Nilicheka, ila baadaye nikaona mama hakusema upuuzi. Binti hapiti mtaani peke yake. Anapita na ukoo mzima. Basi tukapatana: atoboe, lakini pete nikanunue mimi, kaka mtu, iwe ndogo isiyoleta maneno.

Muuzaji alinipa ya milimita 8. Tundu jipya huvimba, akasema, liachie nafasi. Nikamwona mfanyabiashara tu, huyo. Nikachukua ya milimita 6, na waya wake namba 20, nikidhani namba kubwa ndiyo nene. Kumbe ni kinyume: namba 20 ni kama milimita 0.8, na namba 18 ni kama milimita 1.

Jamani, kiganjani ilipendeza! Fundi akaiweka vile vile, pesa ni pesa. Tundu lilikuwa milimita 5 kutoka ukingo wa pua, na upana wa pete hupimwa kwa ndani. Kwenye karatasi, 6 inazidi 5. Nyama haisomi karatasi. Siku ya tatu pua ilikuwa imevimba na pete imezama, na ule waya mwembamba unakata kama uzi unavyokata mche wa sabuni.

Bibi alipoona alisikitika tu. Wao walitoga masikio kwa sindano, wakapachika njiti ya ufagio tundu lisizibe. Hereni zilingoja. Hata Wamasai wenye ndewe kubwa, hata wanawake wa Kimakonde waliovaa ndonya mdomoni, hawakuanza na ukubwa ule. Tundu lilipanuliwa kidogo kidogo. Sisemi wazee walikuwa watu wa uhuru. Huenda binti wa ndonya hakuulizwa kama anaitaka. Lakini aliyemvisha alijua kwamba mwili una mwendo wake, akaungoja.

Mimi sikungoja kitu. Nilipima pua ya mdogo wangu kwa macho ya majirani. Hapo ndipo ninaposhindana na maneno ya mama. Ukoo uulize kama pua itobolewe au isitobolewe. Nakubali, uso ni wa wote. Ila tulioamua pete iwe ndogo tulikuwa watatu, na aliyekesha akilia alikuwa mmoja. Maumivu hayagawanywi kama aibu. Sasa kwa nini kipimo tukitoe sisi tusioumia?

Muuguzi wa zahanati aliitoa. Baada ya miezi, pua ilipopona, alitoboa tena, akavaa ya milimita 8, namba 18. Inaonekana, ndiyo. Majirani walisema wiki moja, wakachoka.

Siku ile ya zahanati mama alikuwa mkali: wewe kijana, pete gani hii uliyonunua? Mdogo wangu, pua imefungwa bandeji, akanitetea. "Mama, msamehe. Kaka hakujua."

Nikanyamaza.