Kaa Naye Hapo Anapojenga

Mwanangu, leo sikupigii methali. Umezisikia zote, na kila nikianza moja naona macho yako yanarudi kwenye simu. Nina jambo moja tu, na nimelisema kwa wenzako wengi hapa Singida mpaka kinywa kimekauka. Huo mchezo wa kujenga anaoulilia mtoto hauna neno, mwache acheze. Neno liko kwenye kumpa simu ili anyamaze, kisha mnaondoka.

Shughuli zako nazijua. Msimu wa vitunguu ukichanganya, soko la Misuna halilaliki. Malori yanapakia, wateja wanapiga, wewe huna hata nafasi ya kula. Mkeo naye yuko kwenye foleni ya kukamua alizeti, madumu huku, mashudu kule. Mtoto wa miaka sita amechoka kukaa, anaanza kulia, simu iko mezani. Nani asingempa? Hapo sikulaumu. Ila mtoto akishagundua kwamba kilio kinanunua simu, atalia kila jioni, na kila jioni utauziwa kilio hichohicho.

Mchezo wenyewe ni Minecraft. Ulitungwa na Mswidi, Markus Persson, ukaanza kuonekana hadharani mwaka 2009 na kutoka rasmi Novemba 2011. Mwaka 2014 Microsoft wakainunua kampuni yake, Mojang, kwa dola bilioni 2.5. Kufikia mwaka 2023 zilishauzwa nakala zaidi ya milioni 300, kwa hiyo usiseme ni upuuzi wa watoto wa mtaa huu. Dunia yake yote ni vipande vya mraba, kila kipande mita moja kila upande: udongo, jiwe, gogo, mchanga. Mtoto anavunja, anabeba, anapanga. Basi.

Kuna namna mbili kubwa za kuucheza. Ile ya Survival inamtaka mchezaji ajitafutie chakula, na usiku ukiingia hutoka mazombi, mifupa yenye pinde na mishale, na kidude cha kijani kinachonyemelea bila kelele na kulipuka kando ya ukuta uliojenga mchana kutwa. Ile ya Creative haina njaa wala kifo; vifaa haviishi, na mtoto anaruka angani kama kunguru. Wako mwekee Creative. Siku atakapoomba ile nyingine, kuna kiwango kinachoitwa Peaceful, maadui hawatokei, aanzie hapo. Ulaya wameupa alama ya miaka 7, Marekani miaka 10 na kuendelea. Alama hizo zinakusaidia kidogo, lakini walioziweka hawalali chumba kimoja na mwanao. Akianza kuamka usiku anapiga kelele, wewe ndiye utakayejua kwamba kile cha kijani kimemfuata kitandani.

Sasa nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Mjukuu wangu, huyo mwanao, alinijengea tembe. Alikuwa amenisikia nikisimulia nyumba niliyokulia, akapanga kuta za magogo na udongo, akaweka mlango mmoja, akalaza paa bapa la udongo juu. Nikavaa miwani. Nikamuuliza, nguzo za kati ziko wapi? Akanijibu, "Hazihitajiki, babu." Nikabisha. Basi akavunja ukuta wa kwanza, akavunja wa pili, wa tatu, wa nne, na paa likabaki linaelea hewani, halitikisiki hata kidogo. Akanitazama kwa ushindi. Mimi niliyebeba miti ya nguzo begani nikiwa kijana, niliyeona paa la tembe likimlalia mbuzi baada ya mvua za masika kwa sababu mtu alibania nguzo moja, nilikasirika kweli. Niliukasirikia mchezo, siyo mtoto.

Kumbe ndivyo ulivyotengenezwa. Ukikata shina, tawi linabaki juu. Vipande vingi havijui kuanguka. Mchanga na kokoto ndivyo huporomoka ukiondoa kilicho chini. Kesho yake nikamtoa nje. Tulichukua udongo wa mfinyanzi na mabua ya mtama, tukajenga tembe ndogo pale nyuma ya jiko. Nikamwachia apunguze nguzo kama alivyotaka. Paa likaanguka. Akalijenga tena, likaanguka tena, na safari hii hakuniuliza, alikwenda mwenyewe kutafuta mabua manene. Jioni yake alirudi kwenye simu na kuweka nguzo kwenye nyumba isiyohitaji nguzo. Nisingekuwa nimekaa pembeni yake, hayo yote yangenipita, na yeye angebaki anaamini kwamba paa hujishikilia lenyewe.

Tuje kwenye hatari yenyewe, na hapa naomba uweke simu chini.

Mtoto akicheza peke yake, dunia yake ni boma lenye mlango uliofungwa. Akicheza mtandaoni, mlango uko wazi, na anayeingia humwoni sura. Kuna seva ambazo maelfu ya watu wanacheza pamoja na kuandikiana. Wengi wao ni watoto wenyewe. Wengine ni watu wazima wanaojua kuandika kitoto. Mtu anamsaidia mwanao kujenga, anampa vitu, anamsifia, kisha anamuuliza jina lake halisi, shule yake, na kama mama yuko nyumbani. Mtoto wa miaka sita hana kinga ya sifa. Hata sisi wazee hatuna.

Kwa hiyo mfunge mlango. Dunia mpya inapofunguliwa, kwenye mipangilio kuna swichi ya Multiplayer, izime. Simu ikishakuwa na mchezo ndani, zima data na Wi-Fi kabla hujampa, maana kujenga peke yake hakuhitaji intaneti. Ukimfungulia akaunti ya Microsoft, andika tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa. Vijana wenzako huandika miaka ya uongo kwa sababu akaunti ya mtoto, wanasema, inasumbua. Inasumbua kwa makusudi: inataka ruhusa ya mzazi kabla mtoto hajaungana na watu. Ukidanganya umri, umejitoa mwenyewe kwenye ulinzi.

Na simu yenyewe isiwe yako ya biashara. Humo mna pesa, mna wateja, mna picha, mna makundi ya WhatsApp ambayo hata mimi sitaki kuyaona. Ile ya zamani iliyopasuka kioo iko kabatini. Ifute, toa laini, weka mchezo, inatosha kwa mtoto.

Usimpelekee simu kijana wa kibandani akuingizie mchezo wa bure. Najua wanafanya, wanaingiza nyimbo, filamu na michezo kwa bei ya soda. Faili hilo hujui limetoka wapi wala limebeba nini ndani, na mara nyingi huja na matangazo yanayoruka katikati ya skrini. Mtoto hasomi, anabonyeza. Leo umejikuta kwenye kamari, kesho kwenye picha za aibu. Hata dukani, kwenye Play Store, kuna ya kuigiza tele yenye vipande vilevile vya mraba na jina linalofanana. Halisi inauzwa dola kama 7, mara moja. Nunua kwa kadi, kisha iondoe kadi yako humo, au weka iulize nenosiri kila ununuzi, kwa sababu ndani ya mchezo mna duka la nguo za wanasesere na dunia zilizokwisha kujengwa, na mtoto hajui tofauti ya shilingi na kitufe.

Video ni jambo jingine kabisa, usizichanganye na mchezo. Mtoto akijenga, mikono na akili yake vinafanya kazi. Akitazama wanaume wazima wa YouTube wakipiga mayowe mbele ya mchezo huohuo, hajengi chochote, na video moja humvuta kwenye nyingine mpaka anafika mahali ambapo hukumpeleka. Ukinilazimisha nichague, nampa mchezo masaa mawili kabla sijampa video hizo nusu saa. Mkeo haafikiani nami hapa. Sawa.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa walio chini ya miaka mitano: wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na pungufu ni bora. Wako amevuka kidogo tu umri huo, kwa hiyo usijidai kwamba haumhusu. Kumwambia mtoto "nusu saa" ni kumwambia neno tupu. Ila huo mchezo una jua lake. Siku moja ya humo, mchana na usiku, ni dakika 20. Mkubaliane: jua likizama mara ya pili, simu inarudi. Jua analiona mwenyewe, na hawezi kukuambia umemwonea. Mwache amalizie ukuta aliokuwa nao mkononi, kisha uichukue. Ukimnyang'anya katikati, kesho ataanza kujificha chooni nayo.

Halafu kuna hili la kukaa naye. Unaniambia huna muda, na wenzako wote wananiambia hivyohivyo. Basi sikiliza mfano. Nairobi pale, makao makuu ya UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, waliungana na Mojang mwaka 2012 kuanzisha mpango wa Block by Block. Miongoni mwa mahali walipoanzia ni Kibera, uwanja wa michezo wa Silanga. Wakazi wakakalishwa kwenye kompyuta, wakaonyeshwa mchezo huuhuu, wakaupanga uwanja wao humo: njia ipite wapi, watu wakae wapi. Wengi hawakuwa wameugusa kabla ya hapo. Wataalamu wakapata kuona mawazo ya watu ambao ramani za wahandisi haziwaambii kitu. Sasa angalia walivyokaa: kwa vikundi, wakibishana, na wa kuwaongoza yuko pembeni. Watu wazima wenye akili zao walikaliwa karibu wakijenga uwanja, na wewe mtoto wa miaka sita unamfungia chumbani na simu.

Kukaa naye hakuhitaji ujue kucheza. Muulize hiki ni nini, kwa nini umeweka dirisha huku, mbuzi watalala wapi. Wakija binamu zake kutoka Ilongero na simu zao, siku hiyo iwashe ile swichi ya Multiplayer, waunganishwe kwa hotspot ya nyumbani bila data, wajenge kijiji kimoja humo, lakini wawe sebuleni. Usidhani mabaya huja kutoka mbali tu. Kijana mkubwa wa ukoo aliyekaa na mtoto na simu chumbani mlango ukiwa umefungwa, huyo pia mfungulie mlango. Neno hilo halipendezi na sitalirudia, ila ulisikie.

La mwisho ni kiboko. Umelelewa nacho, nami ndiye niliyekishika, kwa hiyo sikuhubirii kutoka mbali. Mtoto akijua atachapwa, siku akikutana na kitu cha ajabu kwenye simu atakuficha. Mwambie mapema, na urudie: mtu akikuuliza jina, akitaka picha, akikwambia usimwambie mama, njoo mbio, hutachapwa. Kisha siku akija mbio, usimchape hata kama kioo kimepasuka mara ya pili. Na likitokea la kutokea, kuna namba ya huduma ya simu kwa mtoto, 116, ni ya bure kwa nchi nzima. Iandike ukutani, pale penye kalenda.

Haya. Kesho niletee ile simu ya zamani, na chaja yake, siyo ile inayoshikwa na raba. Mchana nitakaa naye mimi mpaka utakapotoka sokoni, lakini jua la pili ni lako, na sitaki kusikia lori limechelewa. Umwambie pia aache kunipandisha juu ya mapaa yake na kuruka nami angani. Kichwa kinazunguka, halafu sioni vizuri kama ameweka nguzo.