Nywele Tulizoumbwa Nazo

Baada ya darsa ya alasiri, mama mmoja alitupelekea swali kwa mkono wa kijana wake. Binti yake, asema, ameacha kutia dawa ya kunyosha nywele, na ameazimia kuziacha ziote kama alivyozaliwa nazo. Bibi yake amekasirika, na somo yake amemwambia kuwa atawatia watu haya. Arusi ya dada yake imekaribia, wageni watakuja kutoka Lamu na Malindi, na haifai, wasema, mwari kuonekana na kichwa cha kipilipili mbele ya wanawake wenziwe. Mama auliza: Je, binti ana haki, au huu ni ukaidi tu? Na kama ana haki, atumie nini?

Wako watakaocheka kwamba watu wazima wamekaa kuzungumza khabari ya vitana na mafuta. Lakini sisi twaona kuwa ndani ya swali hili dogo mna swali kubwa, nalo ni hili: ni lipi lililo pambo, na ni lipi lililo kuchukia umbo la mtu mwenyewe?

Kwanza, dini yetu haikukataza pambo. Mtume wetu (S.A.W.) aliagiza mwenye nywele azikirimu, na alipomwona mtu ambaye nywele zake zimetimka aliuliza kama hakupata kitu cha kuzitengenezea. Basi anayedhani kuwa ucha Mungu ni kuacha kichwa matimutimu amekosea. Kuunga nywele kulikatazwa, na wanavyuoni wengi wameeleza kuwa ndani yake mna udanganyifu. Ama kunyosha nywele za mtu mwenyewe, wengi katika wao hawakukutia katika hukumu hiyo, bali wamekutazama kwa madhara yake na kwa nia yake. Wala sisi hatukusudii kuharimisha ambalo wao hawakuliharimisha. Tutazame basi hayo mawili.

Tuanze na madhara. Nywele hujipinda kwa sababu kishimo cha ngozi zinamotokea kimepinda, na ndani ya unywele mna vifungo vinavyoushika katika umbo hilo. Dawa za kunyosha huvikata vifungo hivyo. Dawa ya zamani iliyo maarufu ina magadi makali yaitwayo sodiamu haidroksaidi, ndiyo yale yale yatumiwayo kupikia sabuni na kuzibulia mifereji. Zile zinazouzwa kwa sifa ya kuwa hazina magadi hayo zina vitu vingine vyenye ukali wa namna hiyo hiyo. Mama zetu wajua harufu yake na vidonda vyake, ingawa husema kwa mzaha kwamba uzuri ni taabu.

Tena mwezi wa Oktoba 2022 wataalamu wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitoa uchunguzi wa wanawake 33,497, waliowafuatilia kwa muda wa karibu miaka 11. Walikadiria kuwa katika wanawake 100 wasiotumia dawa za kunyosha, 1.64 watapata saratani ya tumbo la uzazi kabla ya kufika umri wa miaka 70. Na katika wale wazitumiao mara nyingi, yaani zaidi ya mara nne kwa mwaka, ni 4.05. Hatusemi kuwa jambo hili limekwisha kuthibiti, kwani kufuatana kwa mambo mawili si lazima kuwe kwamba moja ndilo lililozaa la pili. Wala hatutaki kumtia hofu mwanamke aliyezitumia miaka ishirini. Lakini mtu mwenye akili akiambiwa kuwa njia hii huenda ina nyoka, na nyingine iko wazi, haoni ugumu wa kuchagua.

Sasa tuje kwenye nia, na hapa ndipo penye uchungu.

Watu wengi wamesoma maisha ya Malcolm X, yaliyochapishwa mwaka 1965. Humo aeleza jinsi alivyonyoshwa nywele mara ya kwanza, alipokuwa kijana mjini Boston, kwa mchanganyiko wa magadi, viazi na mayai. Kichwa kiliwaka moto, naye akavumilia, na alipojitazama katika kioo alifurahi. Baadaye, alipokwisha kuwa Muislamu, aliirudia siku ile kwa aibu. Hakujilaumu kwa kutaka kupendeza. Alijilaumu kwa kuwa aliingia katika moto ule ili afanane na watu waliomdharau.

Twaweza kusema: hayo ni ya Marekani, huko Mzungu alikuwa bwana na Mweusi alikuwa mtumwa. Ndugu zangu, tusijidanganye. Nywele za binti zetu zimefunikwa wanapotoka nje. Mzungu hazioni, wala muajiri hazioni, wala mpita njia hazioni. Basi ni nani aliyezihukumu? Ni sisi, ndani ya nyumba zetu, juu ya mikeka yetu, katika arusi na maulidi ya wanawake. Mtoto huzaliwa, na kabla hatujauliza afya ya mzazi twainua kofia ya mtoto tutazame kichwa. Zikiwa za singa twasema, Mashaallah. Zikiwa za kipilipili twasema, si kitu, atakuwa na akili. Posa huja, na mwenye kuulizwa khabari za msichana husahau sala yake na tabia yake, akaeleza nywele zake. Na sote twajua singa zasifiwa kwa nini: zadhaniwa kuwa ni hati ya nasaba, na kipilipili chadhaniwa kuwa ni hati ya utumwa. Huo ni ujahili ambao Uislamu ulikuja kuuzika, nasi twaufukua kwa kitana.

Mmoja wetu alisema katika darsa kuwa singa ndizo nywele za Mtume. Hakusema sawa. Anas bin Malik amepokea kuwa nywele zake hazikuwa za kunyoka sana wala za kujipinda sana. Na hata zingalikuwa za singa, hatukuamrishwa kumfuata kwa umbo ambalo hatukupewa. Tumeamrishwa kumfuata kwa mwendo wake. Qurani nayo, katika Suratu-Rum, yatufunza kwamba khitilafu ya lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Vipi basi ishara ya Mungu iwe aibu ya nyumba?

Kwa hiyo jibu letu kwa mama ni kwamba binti yake ana haki, na si ukaidi. Wazee wetu walisema, mkataa kwao ni mtumwa. Na kwao pa mtu pa kwanza ni mwili wake.

Lakini naye binti tuna neno naye. Mwanangu, usitoke katika utumwa wa chupa moja ukaingia katika utumwa wa chupa kumi. Wafanyabiashara wamekwisha kujua kuwa wasichana wanarudia nywele zao, na sasa huuza krimu ya asubuhi, ya jioni, na ya kuamsha mawimbi, killa moja kwa bei ya kitoweo cha siku mbili. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jua kwanza kwamba unywele uliokwisha kutoka katika ngozi hauna uhai. Hapana mafuta yatakayourudisha ule ulionyoshwa. Utaota mpya, kiasi cha nusu inchi kwa mwezi, yaani kama inchi sita kwa mwaka. Mahali mpya unapokutana na wa zamani ndipo pepesi pa kukatika. Ama ukate wote mara moja, ama upunguze ncha kidogo kidogo na kuvumilia.

Nywele zilizojipinda hukauka upesi, kwa kuwa mafuta ya ngozi hayashuki kwa wepesi katika mapindi yake. Haja yao ya kwanza ni maji. Mafuta huja baadaye, kuyazuia maji yasitoke. Zioshe kwa sabuni laini, si ya kufulia, au kwa majani ya mkunazi kama walivyofanya bibi zetu. Zichane zikiwa mbichi, kwa chanuo lenye meno mapana, ukianza nchani na kupanda juu. Mafuta ya nazi yatosha. Wataalamu wameona kuwa huingia ndani ya unywele na kupunguza kuharibika kwake, jambo ambalo mafuta ya madini hayafanyi. Na ukisuka usivute mno, maana kusuka kwa kubana mwaka hata mwaka hunyonyoa nywele za panda la uso. Ukishajua haya, chagua chupa kwa kusoma yaliyomo, si kwa kutazama picha iliyo juu yake.

Na jambo la mwisho: usimdharau mwenzio ambaye bado anyosha. Huenda anyosha kwa kupenda tu, na huenda ni kwa kumwogopa mama mkwe. Ukimcheka kwa nywele zake, umefanya lile lile ulilofanyiwa wewe.

Ama arusi, na aende. Bibi yake na amketishe chini, amsuke kwa mkono wake, amtie mafuta ya nazi, amfukize udi, amvike kikuba cha asumini na rehani. Wageni wa Lamu na Malindi watamwona msichana aliyetunzwa na watu wake. Na katika wageni hao atakuwamo mtoto mdogo mwenye kichwa kama hicho, atakayemtazama usiku kucha. Huyo ndiye tunayemuandikia.

Mwenyezi Mungu atujaalie kupenda alivyotuumba, na atupe tabia njema kama alivyotupa umbo zuri. Amin.